Kutoka Misikhu hadi City Park: Kazi ya Kocha wa Hoki ya Wasichana

Je, ukocha wa hoki ya wasichana ni kazi ya kumlisha mtu, au ni shughuli ya jioni tu baada ya masomo? Swali hili huulizwa na wazazi wa Bungoma na Kitale, na huulizwa zaidi na wasichana wenyewe wanapokaribia kumaliza shule wakiwa na gongo mkononi na medali sandukuni. Jibu fupi ni kwamba katika sehemu hii ya Kenya ukocha wa hoki huanzia ndani ya shule, ukibebwa na kazi nyingine, na kazi hiyo kwa kawaida ni ualimu. Kutoka hapo unaweza kupanda hadi klabu, timu ya taifa na vyeti vya kimataifa. Ngazi ipo, ila vipandio vyake vimeachana, na anayetaka kuipanda ni lazima ajue kila kipandio kiko wapi.

Hoki inayozungumziwa ni ipi

Neno hoki hutaja michezo miwili iliyo ndugu. Wa kwanza ni hoki ya uwanjani, ambayo watangazaji wengi huiita mpira wa magongo. Kila timu huwa na wachezaji 11. Gongo limepinda mwishoni, na mpira ni mgumu, wenye gramu 156 hadi 163, uzito wa chungwa la wastani. Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, na mechi kamili huchezwa kwa robo nne za dakika 15.

Wa pili ni hoki ya barafu, yenye wachezaji sita kila upande, viatu vya kutelezea vyenye vyuma chini yake, na kisahani cheusi cha mpira badala ya tufe. Nchini Kenya mchezo huu umekulia Nairobi, katika ukumbi wa barafu wa hoteli ya Panari uliofunguliwa mwaka 2005. Timu ya Ice Lions ilizaliwa hapo, mwaka 2018 ikaalikwa Kanada, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika Shirikisho la Hoki ya Barafu Duniani. Wasichana nao hujifunza katika ukumbi huohuo. Lakini kutoka Kitale hadi ukumbi huo ni safari ya karibu kilomita 380, safari ambayo mwanafunzi hawezi kuifanya kila jioni ya mazoezi. Kwa msichana wa Bungoma au Trans Nzoia, mlango ulio wazi karibu na nyumbani ni wa hoki ya uwanjani. Huo ndio unaoelezwa katika sura hii.

Barabara moja, kanda mbili

Kati ya Webuye na Kitale kuna barabara ya kilomita zipatazo 60. Hupita Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, katikati ya mashamba ya mahindi na miwa. Kwa mpenzi wa hoki, barabara hii na vijia vinavyoingia humo ni kama mtaa wa mafundi. Misikhu ndipo ilipo shule ya St. Cecilia, ambayo wasichana wake wamekuwa wakitajwa kwa miaka mingi kila hoki ya shule inapotajwa. Upande wa Kimilili ipo Friends School Kamusinga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na kujijengea jina kubwa katika hoki ya wavulana. Ukifika Kitale unaikuta Trans Nzoia Mixed, ambayo wasichana wake pia wamefika mashindano ya kitaifa.

Shule hizi ni majirani, lakini mashindano hayazihesabu hivyo. Bungoma iko katika Kanda ya Magharibi pamoja na Kakamega, Vihiga na Busia. Trans Nzoia iko katika Kanda ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo timu ya Misikhu na timu ya Kitale zinaweza kufanya mazoezi chini ya wingu moja la mvua, kisha zisikutane kwenye mashindano rasmi mpaka zote mbili ziwe mabingwa au wawakilishi wa kanda zao. Kocha wa eneo hili hujifunza mapema kuitumia hali hiyo. Jirani wa kanda nyingine ni mshirika mzuri wa mechi za kirafiki, kwa sababu kumwonyesha mbinu zako mwezi wa Februari hakukugharimu ubingwa wa kanda mwezi wa Machi.

Njia ya timu ya shule huenda hivi:

1. Kaunti ndogo, ambapo shule jirani hukutana.
2. Kaunti, yaani Bungoma au Trans Nzoia.
3. Kanda, yaani Magharibi au Bonde la Ufa.
4. Taifa, chini ya Chama cha Michezo cha Shule za Upili Kenya.
5. Afrika Mashariki, katika michezo inayojulikana kwa kifupi kama FEASSSA, ambayo nchi za eneo hili huandaa kwa zamu. Mwaka 2016 ilikuwa Eldoret, mwaka 2019 Arusha, na mwaka 2025 Kakamega.

*Kwa ufupi:* kocha wa shule hupanda ngazi ileile ambayo timu yake hupanda. Jina lake husikika nje ya kaunti siku timu yake inapovuka kanda.

Kipandio cha kwanza: mwalimu wa michezo

Katika shule nyingi za upili, mtu anayeitwa kocha ameajiriwa kufundisha Hisabati, Kiswahili au Biolojia. Mwajiri wake ni Tume ya Huduma kwa Walimu, na mshahara wake ni wa ualimu. Saa za uwanjani huongezwa juu ya vipindi, usahihishaji na zamu. Shule inaweza kumpa marupurupu wakati wa mashindano, lakini barua yake ya ajira haimtaji kama kocha.

Aina ya pili ni kocha wa kukodishwa. Huyu mara nyingi ni mchezaji wa zamani anayelipwa na bodi ya usimamizi ya shule kwa makubaliano ya muhula au msimu. Ana muda mwingi zaidi wa kufikiria mchezo, lakini hana uhakika wa mwaka ujao. Mwalimu mkuu akihamishwa, au karo ikichelewa kuingia, mkataba wake huwa kati ya mambo ya kwanza kuguswa.

Aina ya tatu ni msaidizi: mhitimu wa shule ileile anayesubiri kujiunga na chuo, au aliyerudi nyumbani baada ya chuo. Huja kuwapasha moto wachezaji, kupanga koni na kumfundisha kipa. Halipwi kitu, au hupewa nauli tu. Hata hivyo nafasi hii ina thamani kubwa kwa msichana anayetaka ukocha, kwa kuwa hapo ndipo anapoanza kuutazama mchezo akiwa nje ya mstari.

Kwa sababu hiyo, ushauri unaomfaa mhitimu wa Kitale au Bungoma ni kuchukua taaluma na michezo pamoja. Shahada ya ualimu, hasa yenye elimu ya viungo ndani yake, humpa mshahara usiotegemea matokeo ya mechi. Kisha gongo humpa sababu ya shule kumtaka yeye badala ya mwalimu mwingine mwenye shahada kama yake.

Anachofundisha siku ya kwanza

Msichana anapoingia shule ya upili, mara nyingi hajawahi kushika gongo. Shule nyingi za msingi hazichezi hoki, kwa sababu vifaa ni ghali na uwanja uliopo ni wa kandanda. Kocha basi hatafuti mchezaji wa hoki, kwa kuwa hayupo. Hutafuta dalili: msichana mwenye mbio fupi kali, aliyecheza mpira wa mikono au netiboli na kuizoea nafasi, au asiyefumba macho mpira unapomjia.

Dalili nyingine ni mgongo. Hoki huchezwa kwa kuinama, magoti yakiwa yamekunjwa na macho yakitazama mbele. Msichana aliyepalilia mahindi kwa jembe anaujua mkao huo tangu utotoni. Kazi ya kocha ni kumsahihisha kidogo, ili akunje magoti zaidi na mgongo upungukiwe na mzigo, kwa maana atakaa hivyo kwa saa nzima huku akikimbia.

Baada ya mkao huja mikono. Mkono wa kushoto hushika juu, mwisho wa gongo, na ndio unaoligeuza. Wa kulia hushika chini zaidi na kulegea, gongo lizunguke ndani yake kama ufunguo ndani ya kitasa. Upande mmoja wa gongo ni bapa na wa pili umeviringana, na sheria inaruhusu kuugusa mpira kwa upande bapa pekee. Magongo yote hutengenezwa kwa namna moja, hakuna la mashoto. Anayetumia mkono wa kushoto hujifunza kama wenzake, na mara nyingi hugeuka kuwa mjanja zaidi kwa sababu mkono unaoliongoza gongo ndio wake wenye nguvu.

Mambo manne hufuata kwa mpangilio:

- Kusukuma: kupeleka mpira bila kuinua gongo nyuma. Pasi hii ni salama na hufika inapotakiwa.
- Kusimamisha: kulilaza gongo na kuupokea mpira usiruke. Kwenye uwanja wa murram, yaani udongo wa changarawe, huu ndio ujuzi mgumu kuliko yote.
- Kuzungusha gongo: kuupeleka mpira kushoto na kulia ili kumpita mpinzani.
- Kupiga: pigo la nguvu, ambalo hufundishwa mwisho, msichana akishajua kuwalinda walio karibu naye.

Kona fupi, mtihani wa kocha

Lipo tukio moja ambalo humwonyesha mtazamaji iwapo timu imefundishwa. Linaitwa kona fupi. Hutolewa hasa mlinzi anapofanya kosa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli, ambayo mstari wake uko mita 14.63 kutoka goli. Walinzi wanne na kipa husimama nyuma ya mstari wa goli, na wenzao wote hurudishwa katikati ya uwanja. Mshambulizi mmoja huutoa mpira kutoka mstari wa mwisho, mwingine huusimamisha nje ya nusu duara, wa tatu huupiga golini. Pigo la kwanza, likiwa la kuchapa, halitakiwi kuvuka mstari wa goli juu zaidi ya milimita 460, ambao ni urefu wa ubao ulio chini ya goli.

Yote hayo huchukua sekunde chache, na kila sekunde imefanyiwa mazoezi mara mamia. Anayesimamisha akichelewa kuinama, mpira hupita. Anayepiga akianza mbio mapema, hukuta mpira haujafika. Kocha mzuri huwa na namna tatu au nne za kuicheza kona moja, na huzitaja kwa majina mafupi ambayo nahodha huyasema kwa siri. Mechi nyingi za shule huamuliwa kwa goli moja, na goli hilo mara nyingi hutoka hapo. Ndiyo maana kocha mwenye saa moja ya mazoezi huweka dakika 20 za mwisho kwa kona fupi, hata siku ambayo wasichana wangependa kucheza mechi.

Kipa naye huhitaji mwalimu wake. Huvaa helmeti, kinga ya kifua, pedi za miguu na viatu vipana vya kupigia mpira, na vifaa hivyo ni ghali kuliko vya mchezaji mwingine yeyote. Shule nyingi huwa na seti moja, kwa hiyo kipa wa akiba hujifunza kwa zamu. Kocha akitaka mrithi wa kipa ni lazima aamue tangu mapema nani atavaa seti hiyo siku gani, la sivyo kipa akimaliza shule goli hubaki tupu.

*Kwa ufupi:* kocha wa shule huanza na watu wasiojua mchezo kabisa, na hupimwa kwa mambo yanayorudiwa kwa subira, yaani kusimamisha mpira, kona fupi na malezi ya kipa.

Murram na nyasi bandia

Uwanja wa kisasa wa hoki hutandikwa nyasi bandia, zulia la plastiki ambalo kwa kawaida hunyunyiziwa maji ili mpira uteleze kwa kasi na bila kuruka. Uwanja wa City Park jijini Nairobi umekuwa makao ya hoki ya Kenya kwa miaka mingi. Shule za Bungoma na Kitale kwa kawaida hufanya mazoezi kwenye nyasi za kawaida au murram. Januari na Februari ardhi ni kavu na ngumu, na mpira huruka. Mvua za masika zikianza, uwanja hulainika na mpira hukwama.

Msichana aliyelelewa kwenye uwanja huo hupata nguvu na wepesi wa kusoma mruko wa mpira. Akifika Nairobi hukuta mpira unamfikia kabla hajalilaza gongo. Hili si kosa lake. Kocha mwenye maarifa humwandaa kwa njia zilizopo: kufanya mazoezi ya pasi kwenye sakafu ya saruji ya uwanja wa mpira wa kikapu, kuomba mechi na wavulana wenye mapigo makali, na kusafiri siku moja au mbili kabla ya mashindano ili wachezaji wauguse uwanja wenyewe.

Mwaka wa kocha

Kwa miaka mingi hoki imekuwa mchezo wa muhula wa kwanza nchini Kenya. Maana yake ni kwamba shule hufunguliwa Januari, na ndani ya wiki chache timu inatakiwa kuwa uwanjani katika mashindano ya kaunti ndogo. Wageni wa Januari hawawezi kuwa tayari kwa muda huo. Timu inayoshinda mwezi wa Machi ilijengwa mwaka uliotangulia, katika muhula wa pili na wa tatu, wakati macho ya shule yako kwenye kandanda, voliboli na mitihani. Kocha anayekusanya wachezaji Januari hushindana na kocha aliyewakusanya Juni.

Mzunguko huu huvunjika kwa urahisi. Janga la korona lilipofunga shule mwezi wa Machi 2020, michezo ya shule ilisimama, na mashindano ya Afrika Mashariki yalirudi mwaka 2022. Msichana aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka 2019 alipoteza sehemu kubwa ya miaka yake ya kucheza, na kocha wake alipoteza wale ambao wangewafundisha wadogo zao. Timu ya shule hurithishana ujuzi kwa mdomo na kwa macho. Ukikatika mwaka mmoja, kocha huanza upya.

Mtaala mpya nao unaleta mabadiliko makubwa. Chini ya mfumo wa zamani kocha alikaa na mchezaji miaka minne. Katika sekondari ya juu ya mfumo mpya, ambayo wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia mwaka 2026, atakaa naye miaka mitatu. Muda umepungua kwa robo. Kwa upande mwingine, mfumo huu una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambapo mwanafunzi anaweza kusoma michezo kama somo. Mambo mawili hufuata kwa kocha:

- Ni lazima ateremke hadi shule za sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi ya 9, awape wasichana gongo wakiwa na miaka 12 au 13.
- Ujuzi wake, uliokuwa wa jioni, sasa una nafasi darasani. Shule inayotoa mkondo huo inahitaji mwalimu anayeujua mchezo kwa vitendo.

Kulea wasichana

Kuwafundisha wasichana kuna wajibu ambao kitabu cha sheria za hoki hakiutaji. Wa kwanza ni usalama wao. Timu husafiri kwa basi la shule, hulala katika mabweni ya shule mwenyeji, na hurudi usiku. Kocha mwanamume hasafiri na wasichana bila mwalimu mwanamke, haingii bwenini, na hakutani na mchezaji mahali pa faragha. Kanuni hizi huwalinda wachezaji kwanza, na humlinda kocha pia. Shule isiyozifuata haistahili kupewa mtoto wa mtu.

Wa pili ni afya. Msichana aliye katika hedhi anaweza kucheza akiwa na taulo za hedhi, maji na mahali safi pa kubadilisha. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali ya Kenya wajibu wa kuwapa wanafunzi wa kike taulo hizo, lakini katika safari ya mashindano kocha huhakikisha zipo kwenye sanduku la huduma ya kwanza pamoja na bendeji na dawa ya kusafishia kidonda. Pia huweka mazingira ambamo msichana anaweza kusema yuko katika hali gani bila kuona haya.

Wa tatu ni masomo. Mzazi wa Kiminini au Misikhu aliyeuza magunia ya mahindi kulipa karo ana haki ya kuuliza gongo litamfikisha wapi binti yake. Kocha anayempa jibu la kweli humweka mchezaji wake uwanjani kwa muda mrefu. Jibu hilo lina sehemu mbili. Vyuo vikuu kadhaa nchini, kikiwemo USIU cha Nairobi, hutoa ufadhili kwa wanamichezo. Lakini ufadhili huo humkuta msichana mwenye alama za kujiunga na chuo. Ndiyo maana makocha wengi huomba orodha ya matokeo ya muhula, na mchezaji anayeshuka hupunguziwa mazoezi mpaka apande tena.

*Kwa ufupi:* mshindi wa kombe aliyempoteza mchezaji mmoja kwa uzembe wa malezi ameshindwa kazi yake. Mzazi huangalia hilo kabla ya kuangalia medali.

Kipandio cha katikati: klabu na taifa

Baada ya shule, hoki ya wanawake nchini Kenya huishi katika klabu. Nyingi ziko Nairobi, na kadhaa ni za vyuo vikuu, kama Strathmore na USIU. Kisumu kuna Lakers, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na Bungoma kati ya klabu zinazojulikana. Anayeandaa ligi ni Chama cha Hoki cha Kenya.

Mfano mkubwa wa maisha ya ukocha katika hoki ya wanawake nchini ni Jos Openda. Kwa miaka mingi aliifundisha timu ya wanawake ya kampuni ya Telkom, iliyotawala ligi ya Kenya na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Kampuni ilipoacha kuidhamini, timu haikufa. Iliendelea kucheza kwa jina la Blazers. Habari hiyo ina somo kwa kila anayefikiria kazi hii: mdhamini huja na kuondoka, na kinachobaki ni kundi la wachezaji na kocha wanaojua kwa nini wanakutana jioni.

Juu ya klabu ipo timu ya taifa. Mwaka 2022 wanawake wa Kenya walicheza Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, wakiwa kundi moja na Australia, New Zealand, Afrika Kusini na Scotland. Vipigo walivyopata vilikuwa vikubwa, na vilionyesha wazi umbali uliopo kati ya nchi zinazowafundisha watoto kwenye nyasi bandia na nchi inayowapa gongo wakiwa na miaka 14. Wanaume wa Kenya, kwa upande wao, walimaliza wa nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971. Wanawake hawajawahi kufika Olimpiki katika mchezo huu. Umbali huo hauwezi kufupishwa na kocha wa taifa anayekaa na wachezaji wiki chache. Hufupishwa na kocha wa shule anayekaa nao miaka.

Njia za kupata mshahara nje ya darasa zipo chache, nazo ni hizi:

- Ofisa michezo wa chuo kikuu, anayesimamia timu kadhaa.
- Ofisa michezo wa kaunti, kwa kuwa katiba ya 2010 iliziweka shughuli za michezo za mashinani chini ya kaunti.
- Kocha wa klabu yenye mdhamini, nafasi iliyo adimu.
- Mkufunzi wa makocha au mwamuzi, kwa wenye vyeti vya juu.

Vyeti

Uzoefu wa uwanjani hauandikwi popote, na bodi ya shule au klabu huhitaji karatasi. Shirikisho la Hoki Duniani, FIH, lina chuo chake cha mafunzo chenye kozi za ukocha kwa ngazi. Ngazi ya kwanza humfaa anayefundisha shule na klabu za kawaida: namna ya kupanga kipindi, usalama, na ujuzi wa msingi. Ngazi za juu huingia katika uchambuzi wa mechi, mazoezi ya mwili na maandalizi ya mashindano makubwa. Kozi huandaliwa kupitia vyama vya nchi na vya bara, na nyingine hufanyika mtandaoni, jambo linalompunguzia mwalimu wa Kitale nauli.

Inafaa pia kujifunza uamuzi. Kocha aliyewahi kupuliza filimbi huwafundisha wachezaji wake kutofautisha kadi. Ya kijani humtoa mchezaji dakika mbili, ya njano dakika tano au zaidi, na nyekundu humtoa kabisa. Timu iliyoelewa hayo haipotezi mtu kwa kubishana.

Kwa nini wanawake ni haba kwenye benchi

Mchezo ni wa wasichana, lakini kwenye benchi la kocha mwanaume ndiye anayeonekana zaidi. Sababu zinaeleweka. Mazoezi huwa jioni, saa ambazo mama anatarajiwa nyumbani. Mashindano humtoa mtu nyumbani wiki nzima. Mwalimu mwanamke anayesafiri na timu mara nyingi hupewa jina la mlezi, akabaki kuhesabu wachezaji na kugawa chakula huku mbinu zikizungumzwa na wengine. Hivyo ujuzi alioupata akiwa mchezaji hulala.

Kwamba mchezaji mwanamke anaweza kuwa kocha wa daraja la juu kumethibitishwa. Alyson Annan wa Australia alishinda dhahabu ya Olimpiki akicheza mwaka 1996 na 2000. Akiwa kocha aliipa Uholanzi dhahabu katika Michezo ya Tokyo, kisha akaiongoza China kupata fedha mjini Paris mwaka 2024. Nyuma ya safari hiyo kulikuwa na klabu zilizompa timu ya kufundisha.

Shule za Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Mlezi anaweza kupewa daftari la mbinu na dakika 20 za kuendesha mazoezi. Mhitimu anayerudi nyumbani anaweza kupewa timu ya Gredi ya 10. Shule inapotuma mtu kozini, inaweza kuweka jina la mwanamke kwanza. Mwanamume aliyepo hatapoteza kitu, kwa kuwa timu moja ina kazi ya kuwatosha makocha watatu.

Muhtasari wa sura

Msichana anayetaka kuwa kocha wa hoki akiwa Kitale au Bungoma anaweza kuufuata mpangilio huu:

1. Acheze shuleni, na aanze kuwafundisha wadogo zake akiwa bado mchezaji.
2. Apate taaluma ya kumlipa mshahara. Ualimu ndio ulio karibu zaidi na uwanja.
3. Awe msaidizi katika shule, achukue kazi isiyotakiwa na wengi, kama kumfundisha kipa.
4. Apate cheti cha ngazi ya kwanza, na ajifunze uamuzi.
5. Aongoze timu yake mwenyewe kwa mzunguko mmoja kamili wa wanafunzi kabla ya kujipima.
6. Ndipo atafute klabu, chuo au nafasi ya msaidizi katika timu ya taifa.

Wengi watasimama kipandio cha tano, na hapo si pa kushindwa. Kila mchezaji wa klabu aliyetoka bonde hili la mahindi alianza kwa mtu aliyemshika mikono jioni moja, akaushusha wa kulia, akaulegeza, na kumwambia ainame zaidi.